Karatasi ya Kura Huanzia Ofisi ya Chama

Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora, mji uliokuwa njiapanda ya misafara ya Ujiji na Bagamoyo kabla reli haijafika mwaka 1912. Walikuwa na jambo moja zito: washiriki uchaguzi wa kura tatu, au wasusie? Serikali ya kikoloni ilitaka kila jimbo litoe wawakilishi watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na mpiga kura alilazimika kuwachagua wote watatu. Ukimpigia mtu wako peke yake, kura yako imeharibika. Tena wapiga kura wenyewe walichujwa kwa kipato, elimu au cheo.

Mwalimu Nyerere aliwashawishi washiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa akaunda chama chake, African National Congress. TANU wakaligeuza sharti lile kuwa silaha: kwa kuwa kila mtu lazima achague Mwasia na Mzungu, chama kiliwaelekeza watu wake Mwasia yupi na Mzungu yupi. Chama cha UTP kilichopendwa na Gavana Twining kikazama. Mkutano ule ndio tunaouita Uamuzi wa Busara, na kwa sisi tunaofuatilia sheria za uchaguzi una fundisho ambalo halizungumzwi sana. Anayeandika kanuni ya nani aingie kwenye karatasi na kura ihesabiwe vipi, ameshaamua nusu ya matokeo kabla sanduku halijafungwa lakiri.

Mtemvu alisimama dhidi ya Nyerere katika uchaguzi wa rais wa 1962 akapata kura 21,276, mwenzake zaidi ya milioni moja. Alishindwa vibaya, lakini jina lake lilikuwapo na kura zake zilihesabiwa. Miaka miwili nyuma, kule Mbulu, Herman Sarwatt alisimama bila baraka za TANU akambwaga mgombea rasmi wa chama. Ndiyo maana TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Mwaka 1965 mlango huo wa kusimama nje ya chama ukafungwa kwa sheria ya chama kimoja.

Vyama vingi vilirudi 1992. Chifu Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe na waziri wa kwanza wa sheria baada ya uhuru, alikuwa mstari wa mbele kuvidai, akaongoza chama cha UMD. Lakini mlango uliorudi ulikuwa mwembamba. Ibara za 39 na 67 za Katiba zinamtaka mgombea urais na ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi; mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akasema mgombea binafsi ni haki. Bunge likarekebisha Katiba ili kulizuia hilo. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda 2006, Mahakama ya Rufani ikamnyima 2010, akaenda Mahakama ya Afrika jijini Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 majaji wakaamua kwamba Tanzania imekiuka haki za raia wake, na wakaiagiza irekebishe.

Wapo wanaosema mgombea binafsi ataleta vurugu, au kwamba asiyetaka chama aunde chake. Mimi sikubaliani nao, na mwaka 2025 umenipa sababu nyingine. Aprili mwaka huo CHADEMA hawakusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, na Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba hawatashiriki. Uamuzi huo uwe sahihi au usiwe sahihi, mwanachama wake aliyetaka kugombea hakuwa na njia ya kusimama kwa jina lake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kuhesabu. Saa kumi jioni kituo kinafungwa, na walio kwenye foleni wanamaliziwa. Sanduku linafunguliwa mbele ya mawakala, karatasi zinakunjuliwa moja moja, kila moja inaonyeshwa na kuwekwa kwenye fungu la mgombea wake. Fomu ya matokeo inajazwa, mawakala wanasaini na kupewa nakala. Nakala hiyo ndiyo ushahidi: ikiwa jumla ya jimbo inatofautiana na fomu za vituo, mwenye nakala ana la kusema. Asiye na wakala hana kitu. Na katika vijiji vya tumbaku vya Sikonge au Kaliua, vilivyotengana kwa misitu ya miombo, kuweka wakala aliyeapishwa, mwenye nauli na chakula, katika kila kituo ni mzigo ambao chama kidogo mara nyingi hakiuwezi.

Na kura za mgombea wa tatu huenda wapi? Igunga, uchaguzi mdogo wa Oktoba 2011: CCM 26,484, CHADEMA 23,260, CUF 2,104. Kiti ni kimoja, aliyeongoza amekibeba. Katika uchaguzi mkuu, hata hivyo, kura hizo zina kazi ya pili. Viti maalumu vya wanawake hugawiwa kwa uwiano wa kura za ubunge nchi nzima, kwa vyama vilivyofikisha asilimia 5. Kwa hiyo anayekwambia kumpigia wa tatu ni kuitupa kura hajasema ukweli wote.

Hukumu ya Arusha imepita miaka zaidi ya kumi na ibara hizo mbili hazijaguswa. Mbunge wako atakapokuja kuomba kura, muulize atapiga kura gani siku muswada wa kuzirekebisha utakapofika Dodoma.