BAHARI SI YA WATU WA UFUKONI PEKE YAO

Usiku wa tarehe 12 Agosti, 2020, yapata saa mbili na robo, ardhi ilitikisika Dar es Salaam, Unguja na mkoa wa Pwani. Watu walitoka mbio katika maghorofa, wengine bila viatu. Tetemeko hilo, lenye ukubwa wa 6 hivi, lilianzia chini ya Bahari ya Hindi, kusini-mashariki ya Vikindu. Halikuinua mawimbi. Baada ya siku chache kila mtu alirudi katika shughuli zake, na habari ile ikasahauliwa.

Sisi twaona haifai kusahauliwa. Na twawaandikia hasa ndugu zetu wa Kibaha na Kisarawe, kwa maana wilaya hizo hazina pwani, na wako wasemao kwamba hatari za bahari ni mzigo wa watu wa Bagamoyo, Mafia na Kigamboni. Hoja hiyo ni dhaifu.

Kwanza, tetemeko halikomi ufukoni. Chini ya bahari yetu upo mpasuko wa kale uitwao Davie, unaokwenda kusini kati ya Msumbiji na Bukini, na ardhi ya huko ingali ikijongea. Tena mtikisiko wenyewe huua watu wachache. Kiuacho ni ukuta. Tarehe 10 Septemba, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, mbali kabisa na bahari, likaua watu zaidi ya kumi na kubomoa nyumba kwa maelfu. Kibaha leo inajengwa kwa haraka: viwanda, maghala, nyumba za kupangisha. Fundi anayepunguza saruji katika tofali, au nondo katika nguzo, huweka faida mfukoni mwake na kumwekea mpangaji kifo kichwani pake.

Pili, wafanyakazi wetu hushuka mjini kila alfajiri. Wako bandarini, wako kivukoni, wako katika soko la samaki la Feri. Tarehe 26 Desemba, 2004, bahari ilipopasuka karibu na Sumatra, mawimbi yalivuka bahari nzima kwa muda wa zaidi ya saa saba, hata yakafika kwetu. Yaliua watu wasiopungua kumi katika nchi yetu, wengi wao wakiwa katika kuogelea. Mtu wa Indonesia alipata dakika chache tu za kukimbia. Sisi tulipewa saa saba, lakini hapakuwa na mtu wa kutuita tutoke majini. Jambo hilo lapasa kutuuma kuliko wimbi lenyewe.

Wala mawimbi hayo si mageni kwetu. Mwaka 2020 wataalamu, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walieleza kwamba huko Pangani wamechimbua mchanga ulioletwa na wimbi kuu yapata miaka elfu moja iliyopita, na ndani yake mifupa ya watu. Kijiji kizima kilikuwapo pale, kikafunikwa.

Tatu, siku bahari itakapowafukuza watu, watakimbilia wapi? Watapanda Pugu kuelekea Kisarawe, na watafuata barabara ya Morogoro kuja Kibaha. Watakuja na watoto, wazee na majeruhi. Watahitaji maji, shule za kulala na hospitali ya Tumbi. Na maji ya mji wenyewe hutoka mto Ruvu kwa mabomba yaliyo chini ya ardhi ile ile iwezayo kutikisika. Mwenyeji asiyejiandaa huwa mgeni wa pili.

Tangu 2004 kazi imefanyika. Mataifa ya Bahari ya Hindi yameunda mpango wa kupeana tahadhari, na hapa kwetu Mamlaka ya Hali ya Hewa ndiyo ipokeayo habari hizo. Lakini habari iliyofika ofisini bado haijafika kwa mvuvi. Hapo ndipo kazi ya Chama ilipo. Balozi wa shina anazijua nyumba zake kwa majina. Hapana chombo kiwezacho kumshinda kwa kubisha hodi mlango kwa mlango.

Basi yatupasa haya. Kila tawi liwe na orodha ya wazee na wagonjwa wasioweza kukimbia. Kila shule ifundishe kwamba ardhi ikitikisika mtoto hujikinga chini ya meza imara, hakimbilii ngazi. Kila mfanyakazi aendaye pwani ajue ishara mbili: tetemeko kali au la muda mrefu, na maji kurudi nyuma ghafula kuliko desturi ya kupwa. Aonapo moja, apande juu asingoje tangazo, wala asirudi kutazama, kwani wimbi la kwanza si lazima liwe ndilo kubwa. Na halmashauri zikague majengo kabla ya kupakwa rangi.

Watu husema ajali haina kinga. Tetemeko halina kinga, ni kweli. Lakini ukuta mbovu unayo, na ujinga unayo. Tuvishughulikie hivyo viwili sasa, wakati ardhi imetulia.