Swichi ya Nyumbani na Mtambo wa Ng'ambo

Tangu umeme uingie majumbani, mwenye nyumba aliyetaka kuzima pasi alinyoosha mkono. Siku hizi anaambiwa kwamba kunyoosha mkono ni ushamba. Ipo plagi janja, kijisanduku kinachochomekwa katika soketi ya ukutani, kisha chombo chenyewe kikachomekwa humo, na amri ya kuwasha au kuzima ikatoka katika simu. Amri hiyo, na hapa ndipo penye kiini cha mashaka yetu, mara nyingi haiendi moja kwa moja kutoka kiganjani hadi ukutani. Hutoka Kahama, ikapita chini ya bahari, ikafika katika mtambo wa kampuni ng'ambo, ndipo irudi Kahama kuzima pasi iliyo hatua tatu kutoka kwa mwenyewe.

Hatuandiki haya kwa kuchukia mambo mapya. Watu wa Kahama na Geita wameishi jirani na mitambo mikubwa ya dhahabu, Bulyanhulu, Geita, na Buzwagi hadi ilipofungwa mwaka 2021. Hawahitaji kufundishwa thamani ya umeme. Lakini wanajua pia kwamba swichi ya kusimamisha mtambo wakati wa hatari huwekwa pale pale mtambo ulipo, mahali mkono unapofika.

Tuanze na nguvu yenyewe. Soketi zetu za matundu matatu zafuata kiwango cha Uingereza kilichotolewa mwaka 1947, ambacho plagi yake ina fyuzi ndani isiyozidi ampea 13. Kwa volti 230, hizo ni wati zipatazo 3,000. Plagi janja kadha wa kadha za bei nafuu zimeundwa kwa ampea 10, yaani wati 2,300 tu, na nyingine zimeundwa kwa soketi za nchi nyingine, zenye miguu miwili ya mviringo. Kila mmoja wetu ameona plagi za namna hiyo zinavyoingizwa: kalamu husukumwa katika tundu la juu ili vizuizi vifunguke. Waya wa ardhi, ambao kazi yake ni kumwokoa mtu, umekwisha kuachwa nje. Halafu chomeka hapo jiko la mabamba mawili, uondoke, uliwashe kwa simu ukiwa sokoni! Jiko lililowashwa bila mtu mbele yake ni hatari, hata plagi ikiwa bora namna gani.

Kisha kuna suala la kukatika kwa umeme. Tumepita katika mgao wa mwaka 2023, uliopungua mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kufanya kazi mwaka 2024. Umeme ukikatika na kurudi saa nane za usiku, plagi janja itafanya nini? Nyingine hurudi katika hali iliyokuwamo, nyingine hubaki zimezimika hadi ziamriwe. Mwenye pasi ataomba ile ya pili. Mvuvi wa Kome au Ukerewe mwenye friza lililojaa sangara ataomba ile ya kwanza. Pengine mpangilio wa kuchagua upo, ila umefichwa ndani ya programu iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni.

Ndugu zetu wa Unguja hawana haja ya somo juu ya kutegemea waya uliolala baharini. Walikaa gizani takriban mwezi mzima kuanzia Mei 21, 2008, na tena miezi mitatu tangu Desemba 2009. Nayo intaneti hupita katika waya wa namna hiyo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano zilikatika katika pwani yetu ya mashariki ya Afrika, na nchi nzima ikahangaika. Siku kama hiyo kitufe cha plagi chaweza kufanya kazi kwa mkono. Basi tumenunua nini?

Na waya ukiwa mzima, kampuni je? Aprili 2022 kampuni ya Marekani iitwayo Insteon ilizima mitambo yake ghafla, wateja wakabaki na vifaa visivyosikia amri ya simu. Belkin nayo ilitangaza mwaka 2025 kwamba vifaa vyake vingi vya Wemo vingeachwa bila huduma kuanzia Januari 31, 2026.

Watetezi watasema, mbona mita ya LUKU nayo ni mashine yenye hesabu zake, na tunaitumia? Ni kweli. Hesabu hiyo ilihesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi yake ilikuwa ikijaa Novemba 24, 2024. Mita ambayo haikurekebishwa isingekubali umeme mpya. Lakini TANESCO iliwatangazia wateja, na tarakimu za kurekebishia zikatolewa bila malipo. Palikuwa na ofisi ya kuendea na mtu wa kuulizwa. Mwananchi wa Nyihogo aliyeachwa na kampuni ya ng'ambo atamwendea nani?

Kuhusu kuokoa umeme, tuseme kwa ufupi. Plagi hiyo yenyewe hula umeme mchana na usiku. Ikila wati moja tu, kwa mwaka ni karibu uniti 9.

Hatukatai kwamba mgonjwa asiyeweza kuinuka atafaidika kuzima taa akiwa kitandani, wala kwamba plagi inayopima matumizi yaweza kumfichulia mwenye duka friji bovu. Kwa ajili ya hao tunawaomba maofisa wa TBS, na wenzao wa ZBS kule Zanzibar, wadai mambo matatu yaandikwe kwenye boksi kwa Kiswahili: ampea halisi, hali ya plagi baada ya umeme kurudi, na mwaka ambao kampuni itaacha kuihudumia. Maofisa manunuzi wa halmashauri nao wasiagize vifaa hivi kwa zahanati, hasa kwa majokofu ya chanjo, kabla ya kuvijaribu intaneti ikiwa imezimwa.