Mchoraji Aliyejiita Mwanahistoria

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 huko Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akapita nyumba kwa nyumba akiwauzia watu picha za kutundika sebuleni. Wateja walitaka walizozizoea: mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, au "Colonie belge", askari akimchapa mfungwa viboko huku Mzungu akitazama.

Yeye alitaka zaidi. Alijiita mwanahistoria, na mwaka 1973 alipobisha kwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha chuo kikuu mjini humo, alipata mtu wa kuinunua historia yote. Kufikia mwisho wa 1974 alikuwa amechora picha 101, kuanzia enzi za machifu hadi miaka ambayo ilikuwa bado haijafika. Alipozileta, alikaa akazieleza kwa Kiswahili cha Shaba, jina la Katanga wakati huo, na kinasa sauti kikirekodi. Kwangu maelezo hayo ni nusu ya kazi yenyewe. Anayezitazama picha bila kumsikia mchoraji ameiona nusu tu.

Chukua picha ya kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Mpolo na Okito, waliouawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Miili imelala chini. Nyuma yake imesimama misalaba mitatu. Damu inayotoka ubavuni mwa Lumumba inaandika ardhini neno la Kifaransa, unité, umoja. Tshibumba hakuwapo pale, wala hakudai kwamba alikuwapo. Alichora maana ambayo watu waliipa mauaji hayo, na hiyo nayo ni sehemu ya historia. Mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, unalijua jambo hili kwa uchungu wake: Mei 1964 mji uliangukia mikononi mwa waasi waliopigana kwa jina la Lumumba, na ni vigumu kuwaelewa vijana wale kwa tarehe na mikataba peke yake.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hajulikani aliko. Picha zake ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa zamani Tropenmuseum, na kitabu cha Fabian juu yake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1996. Lakini mazungumzo yenyewe yalinakiliwa kwa Kiswahili na kuwekwa kwenye intaneti, kwa hiyo mwanafunzi wa Uvira mwenye simu anaweza kuyasoma bila mkalimani.