SOKO LA ELIMU ARUSHA: Anayelipa ni Mzazi, Anayejua Mzigo ni Mwanafunzi

Kwa mfanyabiashara wa Elerai, Januari ni mwezi mgumu. Mauzo ya Krismasi na Mwaka Mpya yamekwisha, madeni ya Desemba bado yako kwenye daftari, na wateja wengi wanashika mifuko yao. Hapo hapo shule zinafunguliwa. Mwenye duka la vipuri, muuza mitumba wa Mbauda na mama mwenye genge la nafaka wote wanakutana na karatasi moja: fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza katika shule ya binafsi, ikiwa na kiasi cha ada, awamu za malipo na orodha ya vifaa kuanzia godoro hadi ndoo.

Wengi hutoa fedha hizo dukani. Tuchukue mfano. Mwenye mtaji wa shilingi milioni 8 akitoa milioni 2 za ada ya mwaka, anabaki na robo tatu ya duka lake. Mzunguko wa bidhaa unapungua na faida nayo inapungua, kwa hiyo ada ya mwaka unaofuata inamkuta akiwa dhaifu zaidi. Kwa miaka minne ada hiyo itafika milioni 8, yaani sawa na duka zima.

Mtu anayeweka fedha kiasi hicho katika kiwanja au gari la mizigo huuliza maswali mengi kabla ya kutoa hata senti. Linapokuja suala la shule, wengi humuuliza jirani tu. Wiki hii ukurasa huu unaeleza namna ya kuyapima maoni ya wazazi na wanafunzi kuhusu shule ya sekondari ya binafsi, kama mfanyabiashara anavyopima habari nyingine yoyote ya soko.

Bidhaa zilizopo sokoni

Arusha na maeneo ya Meru kuna shule za aina nne. Ya kwanza ni za serikali, zikiwemo za kata zilizoongezeka kwa kasi baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza mwaka 2004. Ada yake ya kidato cha kwanza hadi cha nne, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni, ilifutwa kuanzia Januari 2016. Ada ya kidato cha tano na sita ikafutwa kuanzia mwaka wa masomo wa 2022/23. Katika kundi hili imo Ilboru, ambayo huchukua wanafunzi wenye vipaji maalumu na nafasi yake hainunuliwi.

Aina ya pili ni seminari na shule za mashirika ya dini, kama Seminari ya Kikatoliki ya Arusha iliyoko Oldonyo Sambu. Ya tatu ni shule za kimataifa, kama UWC East Africa yenye kampasi Moshi na Arusha, ambazo wateja wake wakubwa ni familia za wageni na matajiri. Ya nne ni shule za watu binafsi zinazofuata mtaala wa taifa, na hili ndilo soko la mwenye duka. Shule ya St Jude, iliyoanza Moshono mwaka 2002 na kusomesha watoto wa familia maskini kwa fedha za wafadhili, ni ya binafsi lakini haiko katika ushindani huu wa bei.

Katika aina hii ya nne serikali haipangi bei. Mpango wa kuweka ada elekezi ulizungumzwa sana na mwaka 2016 ukaachwa. Kwa hiyo kinachopandisha au kushusha ada ni sifa ya shule, na sifa hutokana na maoni ya watu.

Maoni hayo yamepata uzito zaidi tangu Januari 2023, pale Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022 bila ile orodha iliyozoeleka ya shule kumi bora. Orodha hiyo ilikuwa kama bei ya mnada: kila mtu aliitazama na kila mtu aliinukuu. Ilipoondolewa, nafasi yake ilichukuliwa na maneno ya mitaani na matangazo ya shule zenyewe.

Mnunuzi na mtumiaji

Sukari ukiinunua utaionja mwenyewe, lakini shule ni bidhaa ya ajabu kidogo. Anayenunua ni mzazi, anayeitumia ni mtoto, na ubora wake haujulikani hadi miaka minne ipite. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mzazi hajawahi kulala katika bweni analolilipia.

Mzazi huona lango, sare, basi na Kiingereza cha mtoto wakati wa likizo. Tangu Mei 6, 2017, pale wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wa shule ya msingi Lucky Vincent ya Arusha walipofariki katika ajali ya basi huko Rhotia, Karatu, wazazi wa mkoa huu wamekuwa wakiulizia pia hali ya gari na idadi ya watoto wanaopakiwa. Hayo ni maswali ya haki na yanapaswa kuendelea kuulizwa.

Hata hivyo maoni ya mzazi yana kasoro mbili. Kwanza, aliyekwisha lipa fedha nyingi huona aibu kukiri kuwa amekosea. Hakuna mfanyabiashara anayetangaza kuwa ameuziwa mzigo mbovu. Pili, aliyegombana na shule kwa sababu ya deni la ada ataisema vibaya hata kama ufundishaji wake ni mzuri. Ndiyo maana sifa kutoka kwa mzazi mwenye mtoto wa kidato cha kwanza zina uzito mdogo kuliko maneno ya mzazi ambaye mtoto wake wa kwanza alimaliza hapo na akampeleka wa pili. Huyo amenunua mara mbili, na mara ya pili alikuwa anaijua bidhaa.

Namna ya kumsikiliza mwanafunzi

Wazazi wengi hupuuza maneno ya mwanafunzi kwa hoja kuwa mtoto hulalamika tu. Ni kweli kwamba baadhi ya malalamiko hayana habari ndani yake. Kuamshwa alfajiri, kunyimwa simu na kufanya majaribio Jumamosi husemwa kila mwaka na katika kila shule. Hayo ndiyo masharti ya bidhaa yenyewe.

Yanayostahili kusikilizwa ni malalamiko mapya. Mwalimu wa fizikia aliyeondoka katikati ya muhula na nafasi yake haijajazwa. Maharage yaliyokuwa ya kila siku na sasa ni mara tatu kwa wiki. Maji yanayonunuliwa kwa ndoo. Wanafunzi wanaorudishwa nyumbani kwa deni dogo ambalo zamani lilivumiliwa. Kila moja likitokea peke yake laweza kuwa bahati mbaya, lakini yakitokea manne katika muhula mmoja, shule hiyo ina upungufu wa fedha.

Sababu yake ni ya kihesabu. Shule ya binafsi hupokea fedha nyingi Januari na Julai, wakati mishahara, chakula na mafuta ya gari hulipwa kila mwezi. Wazazi wakichelewa, mwenye shule hupunguza kwanza kile ambacho hakionekani langoni. Mwanafunzi ataona katika wiki ile ile, na mzazi ataona matokeo ya mtihani yakitoka baada ya miaka miwili.

Mwaka 2020 ulionyesha jambo hili waziwazi. Shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya korona, kidato cha sita wakarudi Juni 1 na wengine Juni 29. Katika kipindi hicho ada hazikuingia, lakini mikopo ya majengo haikusimama. Shule zilizokuwa na akiba zilivuka. Zilizokuwa zikiendeshwa kwa fedha ya mkononi ziliyumba, na walimu wengi wa shule za binafsi wakakaa bila mshahara kamili.

Hesabu ya mchujo

Iko njia moja ya kulinganisha maneno na ukweli, na haina gharama. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili na ya mtihani wa kidato cha nne hutolewa na Baraza la Mitihani kwa kila shule, pamoja na idadi ya watahiniwa. Chukua idadi ya waliofanya kidato cha pili, kisha chukua idadi ya waliofanya kidato cha nne miaka miwili baadaye.

Tuseme kidato cha pili walikuwa 80, na kidato cha nne wakawa 50, wote wakiwa daraja la kwanza na la pili. Tangazo la shule litasema wote wamefaulu vizuri. Mfanyabiashara atauliza: wale 30 wako wapi? Wapo waliohama kwa hiari na wapo walioshindwa upimaji wakakariri darasa. Lakini pengo likijirudia mwaka hadi mwaka, inawezekana shule inawaondoa wenye alama ndogo ili kulinda jina lake. Sifa hiyo imelipiwa na wazazi wa wale 30, ambao walitoa ada ya miaka miwili na kurudishiwa mtoto akiwa amevunjika moyo.

Katika kusoma matokeo yenyewe, kumbuka kuwa pointi za kidato cha nne huhesabiwa kwa masomo saba, na pointi chache ndizo nzuri. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, na sifuri ni 34 na 35. Usitazame mwaka mmoja. Tazama mitatu au minne mfululizo.

Kwa wauzaji na wenye mitaji

Habari hizi haziwahusu wazazi peke yao. Wafanyabiashara wengi huzipelekea shule mahindi, maharage, mchele na kuni kwa mali kauli, wakisubiri awamu ijayo ya ada. Muuzaji wa namna hiyo ni mkopeshaji wa shule hata kama hajijui. Akisikia wanafunzi wakisema walimu wanaondoka, apunguze mzigo wa mali kauli kabla ya muhula kwisha, kwa kuwa yeye hulipwa wa mwisho.

Kwa wanaofikiria kuingiza fedha katika shule au hosteli, upo mwaka wa kuutazama, nao ni 2028. Chini ya Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, pamoja na wenzao wa darasa la saba. Hivyo madarasa mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa mara moja. Wateja wataongezeka, na bila shaka bei nazo zitajaribiwa kupandishwa.

Lakini wimbi hilo ni la rika moja. Litaingia kidato cha kwanza 2028 na kutoka kidato cha nne mwishoni mwa 2031. Atakayekopa kujenga bweni la kulipwa kwa miaka kumi akitegemea wimbi la miaka minne, atabaki na vitanda vitupu na marejesho ya benki.

Ushauri wa wiki

Kabla ya kulipa awamu ya kwanza, hakikisha shule ina namba ya usajili ya Wizara ya Elimu. Fanya hesabu ya mchujo kwa miaka mitatu. Tafuta mzazi aliyepeleka mtoto wa pili. Kisha zungumza na mwanafunzi wa kidato cha tatu akiwa nyumbani, bila mwalimu wala mzazi wake pembeni, na umuulize mambo mawili tu: mwalimu gani ameondoka mwaka huu, na chakula kimebadilikaje tangu alipofika. Majibu yake ndiyo yatakayokuonyesha shule hiyo inaelekea wapi, nawe utajua kama fedha uliyoitoa dukani inakwenda mahali pa kuifaa.