Kwa Nini Mkono Wangu Uliinuka?

Mkutano wa kikundi umefika kwenye jambo la mwisho. Mwenyekiti anasimama na kusema kamati imeona ni vizuri pesa zote zilizo benki zinunue mashine ya kusaga mahindi. "Wanaokubali wainue mikono." Mkono wa mweka hazina uko juu tayari, halafu wa katibu, halafu safu yote ya mbele. Mama mmoja aliyeketi nyuma anajua vizuri kwamba mashine mbili zilizoko sokoni zinakosa wateja wakati wa kiangazi. Anaangalia huku na huku. Mkono wake nao unapanda. Baada ya mwaka mmoja mashine imefunikwa turubai, na huko njiani watu wanaambiana, "Mimi nilijua tangu mwanzo."

Mimi nimekaa katika kikundi cha namna hiyo, na mkono wangu ulikuwa mmoja wa ile iliyopanda. Kwa hivyo siandiki haya kwa kuwacheka wengine. Lakini tujiulize: mtu mzima, mwenye akili zake, tena pesa ni zake, anakubalije jambo ambalo moyoni analikataa?

Miaka ya 1950 mwalimu mmoja wa Marekani, Solomon Asch, alilichunguza jambo hili kwa njia rahisi sana. Alichora mstari mmoja kwenye kadi. Kwenye kadi ya pili akachora mistari mitatu ya urefu tofauti, mmoja wao ukiwa sawasawa na ule wa kwanza. Kazi ilikuwa kusema ni upi. Hata mtoto angeweza. Mtu akijibu akiwa peke yake hakosei karibu kamwe. Lakini Asch alimketisha mwanafunzi mmoja pamoja na wenzake ambao, bila yeye kujua, walikuwa wamepangwa watoe jibu moja la uongo. Wakajibu kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, na huyu maskini zamu yake ikawa karibu na mwisho. Katika kila majibu 100 yaliyotolewa kwa shinikizo hilo, karibu 37 yaliwafuata wenzake kwenye uongo. Kama watu watatu katika kila wanne walifuata angalau mara moja. Robo iliyobaki haikutikisika hata mara moja.

Alipowauliza baadaye, baadhi walisema, "Niliona wote wamesema vile, nikafikiri macho yangu ndiyo mabovu." Wengine walijua kabisa wenzao wamekosea, ila hawakutaka kuonekana wao ni wa namna gani. Hapo kuna mambo mawili tofauti, na katika vikundi vyetu yote mawili yapo. Yule anayedhani hajui anahitaji kuelezwa: mashine itakunywa dizeli kiasi gani, nani ataitengeneza, wateja watatoka wapi. Yule anayeogopa, hata ukimweleza kutwa nzima hutamsaidia. Shida yake si hesabu.

Sasa, ni nini huongeza shinikizo? Wengi wetu tungesema ni wingi wa watu. Asch aliona kwamba mtu akipingwa na mmoja tu, hatikisiki sana. Akipingwa na wawili, anaanza kuyumba. Wakifika watatu, amebanwa karibu sawa na akipingwa na wengi zaidi. Maana yake ni kwamba kikundi cha watu 30 hakihitaji watu 29 kumnyamazisha mmoja. Maofisa watatu walioongea usiku wa kuamkia mkutano wanatosha.

La pili ndilo lililonishangaza zaidi. Mwanafunzi yule alipopewa mwenzake mmoja tu anayesema ukweli, kufuata uongo kulipungua mpaka kama robo ya vile kulivyokuwa. Hata yule mwenzake alipotoa jibu lingine ambalo pia lilikuwa la uongo, bado ilisaidia! Hakuhitaji kuwa sahihi. Alichofanya ni kuvunja ule umoja, na mwingine akapata nafasi ya kupumua. Basi yule mzee wa kikundi chenu anayebisha kila kitu, ambaye mnatamani asije, msimfukuze haraka. Anaweza kuwa amekosea juu ya mashine na bado akawa amewafungulia wengine mdomo.

Na la tatu: watu walipoandika jibu kwenye karatasi badala ya kulitamka mbele za wengine, kufuata kulipungua sana. Wakenya hatukuhitaji kufundishwa hili na Asch. Mwaka 1988, wakati wa kuteua wagombea wa KANU, tulipiga kura ya mlolongo: unasimama nyuma ya mgombea wako au wakala wake, na chifu, mwenye duka anayekudai, na shemeji yako, wote wanakuona umesimama wapi. Mtindo huo uliachwa baada ya malalamiko mengi. Ajabu ni kwamba mashinani tunauendeleza kila wiki kwa kuinua mikono.

Je, sisi Waafrika tunafuata zaidi ya wengine? Mtafiti John Berry aliwapima Watemne wa Sierra Leone na Waeskimo wa kisiwa cha Baffin huko Kanada, akatoa matokeo yake mwaka 1967. Watemne walifuata wenzao zaidi sana. Sababu aliyoitoa si rangi wala kabila, bali ni chakula. Watemne walikuwa wakulima wa mpunga, wanaotegemea mavuno ya pamoja ambayo lazima yagawanywe kwa makubaliano mwaka mzima. Waeskimo walikuwa wawindaji, na mwindaji hujitegemea yeye mwenyewe barafuni. Anayekutegemea shambani si rahisi akupinge mkutanoni. Mama ambaye zamu yake ya mzunguko ni mwezi ujao hatabishana na mweka hazina mwezi huu.

Tusikosee tukadhani kufuatana ni ubaya mtupu. Watu wanaleta mchango kwa wakati kwa sababu kila mtu anaona nani ameleta, na bila hilo vyama vingi vingekufa. Kwa mchango, tuonane. Kwa uamuzi wa pesa nyingi, kila mtu apewe faragha.

Kikundi kinachotaka kujaribu kinaweza kuanza hivi. Mwenyekiti aongee mwisho, na wa safu ya nyuma waulizwe kwanza. Mpeni mtu mmoja kazi ya kupinga, awe anakubali moyoni au la, ili asichukiwe kwa sababu ametumwa. Kisha leteni maharagwe, mahindi na kibuyu chenye mdomo mwembamba. Kila mtu apewe punje moja moja ya kila aina: haragwe ni ndiyo, hindi ni hapana. Aende nyuma ya pazia, adumbukize moja kwenye kibuyu, na ile nyingine aitie kwenye mfuko uliofungwa ili isionekane. Hata asiyejua kusoma anaweza. Mimineni kibuyu mezani mbele ya wote na kuhesabu kwa sauti, na mahindi yakiwa mengi, mwenyekiti asiulize ni ya nani.