Jintiyana: Mzizi Mchungu na Jirani Yake wa Sumu

Katika milima ya Ulaya ya kati na kusini, kuanzia Pyrenees na Alps hadi Balkan, humea mwituni mmea wa maua ya manjano ambao wataalamu huuita Gentiana lutea. Waganga wetu wa Kiislamu waliujua kwa jina la jintiyana. Ibn Sina ameutaja katika al-Qanun, na baada yake Ibn al-Baytar, aliyefariki Damascus mwaka 1248.

Mmea huu hauna haraka. Huweza kupita takribani miaka 10 kabla haujatoa ua la kwanza, na ukisalimika na jembe huishi hata miaka 50. Nguvu yake imo mzizini, mnamo amarojentini, kitu kichungu mno ambacho hata kikizimuliwa kwa maji mara milioni kadhaa ulimi hukitambua. Uchungu huo ndio manufaa yake: huamsha mate na maji ya tumbo, na kwa hivyo mzizi hupewa aliyekosa hamu ya chakula. Kina mama waliolelewa kwa mwarobaini na shubiri hawatastaajabu.

Lakini katika malisho yaleyale humea jirani yake, Veratrum album, ambao ni sumu kali. Kabla ya kuchanua, mimea hii miwili hufanana. Majani ya jintiyana hukaa mawili mawili yakikabiliana. Ya jirani yake hupishana, moja huku na moja kule. Wako watu huko Ulaya waliochimba huu wakidhani ni ule, wakatapika, na mapigo ya moyo yakapungua hata wakakimbizwa hospitali. Kilichotenga tiba na maangamizi ni mpangilio wa jani tu.

Basi na tuzitazame nyumba zetu. Mzizi ukishasagwa hauna tena jani la kutazamwa. Mama anunuaye unga usio na jina ili amnyweshe mwanawe hana alama yoyote ya kumwongoza ila ukweli wa muuzaji. Amuulize: ni mti gani, ni sehemu gani ya mti, na umechanganywa na nini? Asiyeweza kujibu, tusinunue kwake.

Pia tusome maandishi ya chupa. Huko kwao jintiyana hutiwa katika vileo, na dawa zake nyingi za maji hutengenezwa kwa alkoholi. Kuitwa mitishamba hakukifanyi kitu kuwa halali. Mwenye vidonda vya tumbo na mja mzito wasiuguse bila ya shauri la daktari.

Dini yetu imetuhimiza kujitibu, na imetukataza kuziangamiza nafsi zetu. Baina ya amri hizo mbili imesimama elimu, na kuitafuta ni wajibu wa kila anayeshika kijiko cha dawa nyumbani mwake.

Wabillahi tawfiq.