Udongo Bora kwa Bustani ya Gunia

Wakazi wa Kalobeyei wanaokuza sukuma wiki na kunde kwenye magunia wanashauriwa kuchagua udongo kwa makini, kwani maji ni haba na mche ukinyauka familia hukosa mboga.

Udongo wenye ukoko mweupe una chumvi, usitumike. Changanya makarai mawili ya udongo, moja la samadi ya mbuzi iliyooza na moja la mchanga wa laga. Samadi mbichi huunguza mizizi; inyunyizie maji, ifunike na uigeuze hadi ipoe na kuacha kunuka. Usiongeze jivu, kwani udongo wa hapa mara nyingi una magadi tayari.

Panga mawe katikati ya gunia ili maji yapenye, kisha tandaza nyasi kavu juu kuhifadhi unyevu.